Mjadala: Turushe setelaiti yetu au tubaki wapangaji?

Fundi Dishi, Makorora
Wagosi wa Tanga, habari za asubuhi. Mwaka 2023 Rais Samia alisema nchi inajiandaa kurusha setelaiti yake. Kila nikilipinga hilo kijiweni naambiwa sipendi maendeleo, basi nalileta hapa. Mimi nasema tusirushe, tuendelee kukodi za wenzetu, na sababu yangu ni hela.

Watu wanadhani pesa ya setelaiti iko angani. Chama cha kampuni za setelaiti cha Marekani kilikadiria mapato ya biashara hii duniani mwaka 2024 kuwa dola bilioni 293. Vifaa vya ardhini peke yake, yaani madishi, vipokezi vya GPS vya kuonyesha mahali ulipo, na mitambo ya vituo, vilibeba bilioni 155. Kuunda setelaiti zenyewe ni kama bilioni 20, kuzirusha bilioni 9 na ushee. Sisi tunakimbilia huko kwenye vidogo, tena kama wanunuzi!

Binti Raskazone
Fundi, unahesabu kama mwenye duka. Kenya wamerusha setelaiti yao, Taifa-1, Aprili 2023, kwa kama shilingi milioni 50 za kwao, inapiga picha za mashamba na mafuriko. Korogwe ikijaa maji, sisi picha tunaomba kwa nani?

Fundi Dishi, Makorora
Dada, na Taifa-1 sina ugomvi, ile ni ndogo na bei yake inabebeka. Naogopa zile kubwa za mawasiliano. Angola walirusha AngoSat-1 Desemba 2017, zaidi ya dola milioni 300, ikapotea. Ya pili imepanda Oktoba 2022. Ya Nigeria ilipaa 2007, mwaka uliofuata ikafa kwa hitilafu ya umeme, mbadala wake ukaja 2011.

Na wakubwa wenyewe wanahema. Intelsat, kampuni kubwa ya setelaiti, iliomba ulinzi wa mufilisi 2020, na 2025 ikanunuliwa na mwenzake SES kwa dola bilioni 3.1. Starlink, wale wa intaneti ya setelaiti, wamejaza setelaiti maelfu karibu na dunia, basi bei za kukodi zile za juu, za kilomita 36,000, zinaporomoka. Mapato ya TV za dishi nayo yanashuka duniani. Hilo sihitaji ripoti: siku hizi naitwa kushusha madishi kuliko kuyafunga, vijana wanatazama mpira kwenye simu.

Baharia wa Deep Sea
Nyie mnabishana mkiwa nchi kavu. Sisi tukiingia mkondo wa Pemba, bando ni pambo tu. Nahodha wetu ana GPS ya mkononi, kioo kimechubuka, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa raba. Humo kaweka pointi zake zote za miamba ya chewa, hata mwanawe hamwonyeshi. Setelaiti zake ni za serikali ya Marekani, zinaendeshwa na jeshi lake, na hatujawahi kulipia hata senti. Nani mwenye setelaiti, kwangu si hoja.

Binti Raskazone
Na siku mwenyewe akiamua kuizima, kaka?

Fundi Dishi, Makorora
Hapo umenibana kidogo. Ndiyo maana nasema tununue huduma kwa wawili watatu, tusimtegemee mmoja. Hela inayobaki ifundishe vijana VETA kufunga na kutengeneza vifaa. Dishi la setelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, hapa Tanga linatazama magharibi, upande wa Pongwe. Likihama kidole kimoja tu, picha inaganda. Kazi hiyo haifanyiki kutoka Ulaya.

Binti Raskazone
Watafunga vifaa vya nani? Vya wenzetu. Bado ni vibarua.

Baharia wa Deep Sea
Kabla hujamjibu, fundi: yale madishi bapa ya intaneti yanashika kwenye ngalawa inayoyumba?

Fundi Dishi, Makorora
Yanashika, yanajitafutia setelaiti yenyewe, hayaelekezwi kama haya yangu. Ila la kawaida linakula wati 75 na zaidi muda wote. Kwenye ngalawa utauweka wapi umeme huo? Mwenye boti ya mashine aje tuzungumze.