Ibada ya asubuhi ofisini: tatizo ni sala, au ni matangazo yanayotolewa humo?

Mtoto wa Ujiji (mleta mada)

Wadau, salaam. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji, mhasibu. Kazi imenipeleka Kasulu, kwenye ofisi ya watu kumi na kitu. Waislamu tuko wawili: mimi na mlinzi wa usiku, ambaye nikiingia yeye anatoka. Kila asubuhi kabla ya saa mbili wenzangu wanakutana ukumbini kwa ibada. Hakuna aliyenilazimisha kuingia, wala aliyenisema kwa kutoingia. Nakaa mezani kwangu nasikiliza mapambio, mengine nimeshayakariri.

Kwa hiyo sijaja kulalamika kwamba watu wanasali. Ninachotaka tujadili ni kile kinachofuata baada ya "Amina". Hapo ndipo yanapotolewa matangazo: nani kalazwa, nani kajifungua, mchango wa harusi umefikia wapi, gari la kwenda msibani linaondoka saa ngapi. Mimi nayapata saa nne kwenye chai yakiwa yamepoa, au siyapati kabisa. Kuna mwenzetu alifiwa na kichanga, nami nikaendelea kumtania kama kawaida siku mbili nzima, kwa sababu aliyetangaza alitangazia waliokuwa ukumbini.

Kisha kuna mfuko wetu wa kufa na kuzikana. Tunakatwa sawa. Kanuni zinasema mfuko utagharamia jeneza na usafiri wa mwili, na fomu isainiwe na viongozi wawili. Mama yangu mkubwa, aliyenilea, alifariki alfajiri pale Ujiji, tukamzika baada ya Adhuhuri siku ileile. Sisi hatununui jeneza. Tunanunua sanda, jeneza ni la msikiti, linabeba maiti na kurudi msikitini. Ofisini habari ilitangazwa kesho yake, kwenye ibada. Walikuja, haki yao siwanyimi, wamebanana kwenye Noah na mchele na unga, wakakuta hitima imeshasomwa na turubai linafunguliwa. Hela za mfuko zikajadiliwa wiki tatu kwa sababu fomu inataka risiti ya jeneza.

Msimamo wangu: ibada ibaki, matangazo yatoke humo. Mnasemaje?

Mzee wa Kanisa, Mwilamvya

Pole sana, dada. La jeneza ni aibu na halina utetezi. Lakini hilo la matangazo sikubaliani nalo, nami kwenye ofisi yetu ni mmoja wa wanaoongoza ibada. Mgonjwa utamwombeaje bila kumtaja? Kwetu tangazo na ombi ni kitu kimoja. Ukimwondoa mgonjwa na mfiwa, ninabaki na nyimbo mbili na mhubiri anayeangalia saa. Na robo saa hiyo msiidharau: ofisini kwetu ndiko dereva na bosi wake walikopatana baada ya kununiana tangu masika. Kikao cha idara kisingeweza.

Asiyepinda

Kama hupapendi, hama. Taasisi za dini yako zipo, nako wanaanza kwa dua na hatujasikia mtu akilia.

Mtoto wa Ujiji

Soma tena nilichoandika, kaka. Na ofisi yenyewe si ya dhehebu lolote.

Msabato wa Kibirizi

Mimi niko kwenye godauni la mizigo ya Kongo, nimezungukwa na Waislamu na Wakatoliki. Ajabu yake, nina ugeni zaidi kwa Wakristo wenzangu. Kwenye maombi wananihesabu nimo. Ikifika Jumamosi wananihesabu mtoro. Aliyenishika mkono ni karani mmoja wa Kiislamu. Ijumaa mchana nasimamia mzani wake hadi arudi msikitini, Jumamosi asubuhi yeye anasimamia wangu. Mahesabu hayalingani, kwa hiyo Jumapili nafungua godauni mimi. Kitimoto wote wawili hatugusi, basi hata chakula cha mchana tunachangia sahani. Dada, usisubiri tangazo. Tafuta mtu mmoja ambaye ratiba yake inakuhitaji na yako inamhitaji, mengine yatakuja.

Afisa utumishi, Tabora

Naweka sheria mezani tusije tukaitafuta mbali. Katiba, ibara ya 19, inaifanya ibada kuwa hiari ya mtu binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo waziwazi. Lakini dada, hapo sheria haikufikishi mbali. Hukubaguliwa, umesahauliwa, na kusahauliwa hakuna kifungu.

Ninachoshangaa ni kwamba mnagombania asubuhi wakati mchana ndio una kasoro kubwa. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ofisi nyingi ratiba inaandikwa Dar es Salaam: mapumziko saa sita hadi saa saba. Kule inaeleweka, kwa sababu Adhuhuri inaingia saa sita na ushei, mtu anaswali Ijumaa na kurudi. Kigoma iko magharibi kabisa na saa ya ukutani ni ileile. Jua la utosi linafika karibu dakika 40 baada ya Dar. Adhuhuri yenu inazungukia saa saba. Yaani mapumziko yanakwisha ndipo mwadhini anashika kipaza sauti! Nimeona barua ya onyo iliyotokana na hilo, na aliyeiandika hakuwa na chuki hata chembe. Alikuwa na ratiba ya Pwani tu. Sogezeni mapumziko ya Ijumaa yaanze saa saba, hakuna atakayepoteza hata dakika.

Mwalimu mstaafu, Ng'ambo, Tabora

Nimefundisha kwenye shule iliyokuwa ya misheni, zile zilizotaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969. Wanafunzi wa kila dini. Matangazo yalitolewa mstarini, wote wamesimama. Kipindi cha dini kilikuwa na siku yake, na hapo kila kundi liliondoka kwenda darasa lake kwa wakati mmoja, hivyo hapakuwa na anayebaki dawatini akisikiliza wengine wakiimba. Ofisi zimetupa mstari zikabakiza kipindi cha kundi moja. Rudisheni mstari.

Mzee wa Kanisa, Mwilamvya

Shikamoo mwalimu. Msiba, harusi na michango nakubali viende mstarini, hata kwenye simu za wote saa ileile ya tukio. Mazishi ya siku moja hayangoji ibada ya kesho. Ila ugonjwa, hapana. Kuna mama alitaja ugonjwa wake kwenye maombi kwa sababu aliwaamini waliomzunguka. Angeambiwa litasomwa mbele ya ofisi nzima, angenyamaza.

Mtoto wa Ujiji

Hapo umenizidi, mzee. Ugonjwa autangaze mwenyewe anapotaka, hata kama mimi nitachelewa kujua. Nitakachopeleka kwenye kikao ni mawili: msiba utangazwe kwa simu saa ileile, na kwenye kanuni "jeneza" lifutwe, iandikwe "gharama za mazishi kwa taratibu za dini ya marehemu". La mapumziko ya Ijumaa naliongeza, ahsante afisa, ijapokuwa kwetu nitakayenufaika ni mimi peke yangu. Sijui kama watu kumi watasogeza chakula chao kwa ajili ya mmoja.

Asiyepinda

Hawatasogeza.

Mzee wa Kanisa, Mwilamvya

Uliza kwanza. Wapishi wenyewe saa sita ugali haujaiva.

Msabato wa Kibirizi

Na kikao chenyewe msikiweke Jumamosi.