Yule weita wa Orvieto, Italia, mnayemjua: leo kanyang'anya kiti changu, kakipa MKOBA

Msafiri Mmoja:

Wakuu, salamu baadaye.

Naandika nikiwa kwenye benchi la stesheni, kule chini ya mlima, treni ya kurudi Roma bado dakika 40 na mikono inanitetemeka. Sitaji mtu wala mgahawa. Waliofika Orvieto wanamjua. Yule mwenye aproni nyeusi na kalamu sikioni, anayekutazama kama umekuja kuazima chumvi. Huyohuyo. Kama humjui, basi Orvieto hujafika, umeiona dirishani tu.

Nimeamka alfajiri. Nimepanda treni, nikapanda funicolare, kile kibehewa cha kuvutwa kwa kamba hadi juu ya jabali. Nimeshuka ngazi 248 za Kisima cha Mtakatifu Patrisi, nikapanda 248 nyingine kutoka, maana kina ngazi mbili zinazozungukana kama nyoka wawili, punda wa kushuka asigongane na punda wa kupanda. Magoti yangu yametoka humo yana umri wa miaka 90. Saa nane kasorobo njaa imenishika koo, na majiko ya huku yakifunga mchana yamefunga, ukichelewa unashiba hasira.

Nimesimama mlangoni. Kaangalia nyuma yangu. Kaangalia tena, labda ukoo wangu umejibanza nyuma ya nguzo. "Solo?" Ndiyo baba, peke yangu, tumbo langu moja na hela yangu. Kanipeleka meza ya pembeni kabisa, mkabala na mlango wa choo. Nikipinda shingo naona kipande cha Duomo, kanisa kuu la mji, ile michirizi yake nyeupe na nyeusi kama pundamilia aliyebatizwa. Nikasema haya, mgeni ni kuku mweupe.

Meza ina viti viwili. Kimoja nimekalia, kingine nimeweka koti. Tambi zimekuja, zile nene za huku wanaita umbrichelli. Nimezungusha uma, nimetia mdomoni, sijatafuna. Akaja. Akainua koti langu kwa vidole viwili kama kaokota panya, akanitupia mapajani, akaburuta kiti. Juu ya mawe. KRRRRRR. Mji mzima umegeuka, na nahisi hata waliozikwa. Kisha anatabasamu: "Tanto non aspetta nessuno." Yaani, kwani unamsubiri nani.

Kwani. Unamsubiri. Nani.

Kiti kikaenda meza ya jirani. Watu wanne, viti vinne, wote wamekaa. Nikajiuliza, cha tano cha nani? Mama mmoja akaweka MKOBA.

Mkoba, wakuu! Umekaa wima, umeegemea, unatazama Duomo. Mimi binadamu natazama choo.

Mji huuhuu mwaka 1527 ulimpokea Papa Klementi wa VII, Roma imevamiwa na kuporwa, katoroka kwa kubadili mavazi. Akahifadhiwa, na akaamuru kisima kile kichimbwe ili mji ukizingirwa usife kiu. Mkimbizi kapewa mji. Mimi mlipa hela nimenyimwa pa kuweka koti. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata saa mbili sijamaliza!

Ile KRRRRRR bado ipo sikioni.

Kiberiti cha Mvua:
Uzi bila picha ni batili. Weka picha ya mkoba.

Ngosha wa Milano:
Mleta uzi, una makalio mangapi? Kimoja umekalia, cha pili unakililia cha nini?

Msafiri Mmoja:
Cha KOTI. Someni kwanza ndiyo mchangie.

Bint Mwembe:
Mkuu, we Ke au Me? Nikijua ndiyo nitajua nikupe pole ya aina gani.

Katekista Mstaafu:
Kijana, usijifananishe na Papa. Papa alikuja na Kiti chake Kitakatifu, wewe ulikuja mikono mitupu. Na kisima hakukiona kikiisha, alifariki 1534, kikamalizika 1537. Hapohapo Orvieto ndipo Papa Urbani wa IV alipoiweka sikukuu ya Ekaristi, mwaka 1264, waumini mpaka leo wanaandamana dunia nzima. Wewe umekaa mji huo siku nzima umerudi na habari za mkoba. Duomo uliingia, au ulimwachia mkoba akutazamie?

Msafiri Mmoja:
Niliingia mzee wangu, kabla ya tukio. Hadi lile kanisa dogo la San Brizio alilochora Signorelli, siku ya mwisho, wafu wanajichomoa ardhini mmoja mmoja, mwingine kashatoka kiunoni anajisukuma kwa mikono kama anatoka bwawani. Laiti ningeingia baada ya chakula! Ningemtafuta weita kwenye kundi la waliohukumiwa. Najua yumo, na kiti kabeba.

Kiberiti cha Mvua:
Nimecheka nimepaliwa. "Na kiti kabeba."

Bint Mwembe:
Mimi Assisi niliingia mgahawani peke yangu, nikaletewa menyu mbili. Nikaagiza, weita kasimama tu, anamsubiri mwenzangu achague. Nikamwambia yuko chooni. Nikala kwa wasiwasi mpaka mwisho, kila mlango wa choo ukifunguka tunageuka wote wawili, mimi na weita.

Ngosha wa Milano:
Sasa huyu ndiye kaleta uzi. Mleta uzi jifunze.

Mpanda Treni:
Nyie mnalilia viti. Mimi nilikata tiketi yangu ya karatasi ya treni ya mkoa, hela halali, nikasahau kuigonga muhuri kwenye kile kimashine pale jukwaani. Faini. Nikamwonyesha tarehe, nikamwonyesha risiti, nikamwonyesha na machozi. Akaandika faini huku ananipa pole. Ile pole ndiyo inaniuma.

Dereva Taabu:
Wa treni una nafuu. Kodi gari uingie nalo mji wa zamani kule Toscana. Kuna kibao kidogo kimeandikwa ZTL, yaani magari yasiyo na kibali marufuku, ukikipita kamera imekula. Mimi nilipotea nikazunguka mtaa uleule mara tatu natafuta pa kutokea. Miezi imepita, nimeshasahau na rangi ya gari, zikaja bahasha tatu.

Mpanda Treni:
Mara tatu mtaa uleule? Mkuu, hiyo siyo faini, hiyo ni ada ya mafunzo.

Msafiri Mmoja:
Jamani turudi kwenye kiti. Mnaelewa kwamba kakiburuta nikiwa na tambi mdomoni? Siwezi hata kujibu. Ningejibu ningemwagia watu.

Kahawa Kavu:
Ukiwa peke yako Italia, kunywa kahawa umesimama kaunta kama wenyeji. Bei ni ndogo, na aliyesimama hanyang'anywi kiti. Halafu mleta uzi, hebu angalia risiti. Kuna hela inaitwa coperto, wanatoza kila kichwa kwa kukalia tu meza, mkate juu yake. Wamekuandikia ngapi?

Msafiri Mmoja:
Ngoja niitafute, ipo mfukoni kwenye koti.

Mama Sembe:
Samahani natoka nje ya mada. Mlioko Roma, unga wa ugali mnapata wapi? Nina wiki ya tatu nakula mkate kama bata.

Kahawa Kavu:
Nenda soko la Esquilino, jirani na Termini, ile stesheni kuu ya Roma. Mihogo, bamia, ndizi za kupika, vyote vipo.

Msafiri Mmoja:
COPERTO 2.
NARUDIA. COPERTO MBILI.
NIMEULIPIA MKOBA.

Ngosha wa Milano:
Mama Sembe, usihangaike na nauli. Ingia supamaketi yoyote, tafuta polenta. Ni mahindi yaleyale.

Mama Sembe:
Ile ya njano? Mwanangu aliikataa, kasema ni keki imekosea njia.

Ngosha wa Milano:
Kuna nyeupe, polenta bianca, watu wa Veneto, kule kaskazini, ndiyo chakula chao cha asili. Chota, songa, huwezi kujua uko Ulaya.

Mpanda Treni:
Ila soma pakiti. Ikiandikwa ni ya dakika chache ujue imeshapikwa kiwandani, ukisonga unapata uji wa mgonjwa.

Msafiri Mmoja:
Wakuu, hakuna aliyeona? Nimelipia mkoba.

Katekista Mstaafu:
Tumeona. Rudi ukauchukue, ni wako. Mpanda Treni, ya kusaga kwa unene gani? Mimi niliwahi kununua ikawa chenga kama mchanga.

Mpanda Treni:
Kwenye pakiti tafuta neno fine mzee wangu, ndiyo laini. Halafu anza na maji kidogo, usimwage yote.

Msafiri Mmoja:
Hiyo nyeupe Roma ipo, au mpaka Veneto?