Tachipadi imekufa: ninunue mausi au nijifunze njia za mkato?

Mkulima_Mjini: Wakuu habari za jioni. Tachipadi ya laptopu yangu imekata roho, fundi kataja elfu 60 nikaona hapana. Sasa nichukue mausi Kariakoo au nizoee kuperuzi kwa kibodi tu? Kuna jamaa ofisini hagusi mausi na anatuacha mbali. Naombeni ushauri.

fundi_ghorofani: Mkuu umesema nusu. Windows au Mac? Brauza ipi? Kazi zenyewe zipi? Usitupigishe ramli.

BiMswafi: Nunua mausi baba. Ila hizi zishike: Ctrl+L inakupeleka pa kuandikia anwani, Ctrl+T tabu mpya (ukurasa mwingine ndani ya brauza ile ile), Ctrl+W unaifunga, Ctrl+Shift+T unairudisha. Hiyo ya mwisho imeniokoa kuliko ndugu zangu.

mzee_wa_F5: Firefox tu. Bonyeza ' halafu andika herufi chache za linki, enta, umeingia. Chrome haina hiyo.

chifu_tabu: Chrome unaweka Vimium, kiongezi cha kuperuzi kwa kibodi, bure. Ukibonyeza f kila linki inavaa herufi zake, unaziandika inafunguka. Mausi ya nini?

mzee_wa_F5: Vimium hata Firefox ipo, sasa Chrome ya nini?

Kijukuu: Msimdanganye kwamba hazina hasara. Mwaka juzi najaza maombi ya kazi mtandaoni, siku ya mwisho, saa tano na ushee usiku, barua ndefu nimeiandikia mle mle ndani ya fomu, nikasema ngoja nikopi niweke akiba, nataka Ctrl+A kidole kikaangukia W. Fomu yote kwaheri. Nikapiga Ctrl+Shift+T ukurasa ukarudi, maneno hayakurudi hata moja, naandika upya huku natetemeka namaliza saa sita na dakika nane, wameshafunga. Tangu siku hiyo naandikia Word kwanza.

fundi_ghorofani: Pole. Zamani Backspace ndiyo iliua watu, ukiibonyeza nje ya kisanduku inakurudisha nyuma. Chrome waliitoa 2016, siku hizi ni Alt na mshale wa kushoto.

Mwl_Sanifu: Jamani si tabu, ni kichupo.

chifu_tabu: Mwalimu mimi nimefungua 40, hizo ni tabu.

Mkulima_Mjini: Samahani nilipitiwa. Windows 10, Chrome, RAM (kumbukumbu ya kompyuta) GB 4. Natumia sana Canva, natengeneza kadi za harusi.

BiMswafi: Canva!! Ungeanza na hilo. Utavuta maua kwa Ctrl?

chifu_tabu: Inawezekana, mishale inasogeza picha.

BiMswafi: Kadi moja utaimaliza harusi imeisha.

fundi_ghorofani: RAM 4 ndiyo tatizo lako la kwanza. Halafu hiyo tachipadi una hakika imekufa? Nyingine huwa imezimwa tu, angalia vitufe vya F pale juu kama kuna chenye kialama chake.

chifu_tabu: Na ukijaza tabu, Ctrl+Shift+A inakutafutia uliyoipoteza.

Nuru_Tanga: Samahani kuingilia, nani anajua wanapouza kitufe kimoja kimoja cha kibodi? W yangu imeng'oka.

fundi_ghorofani: Laptopu gani?