Naomba ushauri: niache riadha ninusuru GPA (wastani wa matokeo)?

Binti wa Iramba
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.
Niko mwaka wa pili, nasoma takwimu kwenye chuo kimoja hapa Dodoma (jina naliacha). Nakimbia mita 5,000 tangu enzi za UMISSETA, michezo ya sekondari.

Semesta iliyopita nilisafiri na timu ya chuo siku tisa, testi ya pili ya somo moja ikanipita. Testi ile ina alama 15. Niliporudi nikampelekea mhadhiri barua ya kocha. Ilikuwa imekaa begini pamoja na raba, imelowa, mhuri umesambaa mpaka haueleweki. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Unaniletea leo, baada ya kurudi?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia.

Matokeo: kosiweki (testi na kazi za semesta) 17 kati ya 40, UE (mtihani wa mwisho) 31 kati ya 60. Jumla 48, C. Ningepata 12 tu kwenye ile testi ningekuwa na B+. Hesabu hii nimeirudia usiku mwingi kuliko mnavyodhani. GPA yangu ilikuwa 3.8, sasa ni 3.5 kamili, nimesimama ukingoni.

Mwezi ujao kuna mashindano ya TUSA, ya vyuo vikuu, na nimeitwa tena. Safari inaangukia testi mbili. Mama kasema viatu nimpe mdogo wangu. Kocha kasema nikiacha sasa nisirudi. Nifanyeje?

Mzee wa Kisasa
Soma mwanangu. Medali ya vyuo hailipi kodi ya chumba. Mimi nimeajiri vijana, sijawahi kumuuliza mtu anakimbia dakika ngapi.

Mlenda Mkavu
Mzee naye! Simbu si mtoto wa Singida, mkoa huo huo wa huyu binti? Septemba 2025 kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, saa 2:09:48, kampita Mjerumani kwa sekunde 0.03. Angempa mdogo wake viatu tungekuwa wapi?

Mzee wa Kisasa
Simbu ni askari wa JWTZ, mshahara unaingia akiwa mazoezini. Huyu binti anakimbia kwa bumu, hela ya mkopo wa chuo. Usifananishe.

Mlenda Mkavu
Hapo umenipata kidogo.

Kipyenga
Dada, nilikuwa kwenye timu miaka minne, nikamaliza na 3.7. Sikuwa na akili kuliko wewe, nilikuwa na makaratasi tu.

Kosa lako si kukimbia. Barua ya kocha pekee ni kama cheti bila mhuri, hata kama mhuri upo. Kwetu ilikuwa hivi: ofisi ya michezo inaandika, mshauri wa wanafunzi anasaini, mkuu wa idara anapata nakala, na mwenye somo unampelekea mkononi KABLA ya safari, unamwomba asaini nakala yako kwamba kapokea. Ile nakala ndiyo mali, usiiweke na raba.

Na usiende kuomba huruma, nenda na tarehe. "Mwalimu, nasafiri Jumamosi, naomba nifanye testi Alhamisi au Jumatatu nikirudi." Mhadhiri akiona umeshafikiria kazi yake ya kutunga maswali mengine, mara nyingi analegea. Mmoja tu alinikatalia, huyo nikabaki nikafanya testi, timu ikanitangulia, nikaifuata kwa basi.

Desa la Mwisho
Naongezea hapo. Safari ikigongana na UE yenyewe, omba kuahirisha mtihani kwa maandishi ili upewe speshali. Vyuo vingi speshali inahesabiwa kama unafanya mara ya kwanza, A yako unaipata. Ukikaa kimya ukaangukia sapu (mtihani wa marudio), hata ufanye maajabu alama inaishia C. Watu wanadisko, wanaondolewa chuo, kwa kutojua tofauti hii.

Kuhusu 3.5: bado uko daraja la pili la juu, 3.4 ndiyo unashuka. Una semesta tatu mbele, acha kuzika mgonjwa ambaye hajafa.

Mama Zabibu
Mwanangu, mazoezi unafanya saa ngapi?

Binti wa Iramba
Saa kumi na moja jioni mama, mpaka giza. Nikirudi hosteli nasinzia juu ya desa (notsi).

Mama Zabibu
Ndiyo hapo. Jioni Dodoma upepo na vumbi, unapigana navyo viwili kwa pamoja halafu unataka kula msuli, kukesha na vitabu. Mwombe kocha siku tatu ukimbie alfajiri. Huko nje kunakuwa kimya, baridi inauma lakini jioni inabaki ya vitabu. Na usinywe chai na andazi ukasema umekula.

Mzee wa Kisasa
Hilo la alfajiri nakubali. Na mama yako mweleze kwa namba, anaogopa kwa sababu haoni karatasi yoyote.

Binti wa Iramba
Mrejesho wakuu. Leo nimeanzia ofisi ya michezo, barua naipata Ijumaa. Mhadhiri mmoja kakubali nifanye testi Alhamisi ya safari, saa moja asubuhi, ofisini kwake. Wa pili ni yule yule wa semesta iliyopita. Kaniangalia, kauliza, "Safari hii barua kavu?" Kasema nimletee ndipo tuongee.

Mama bado. Viatu nimevificha kwa rafiki yangu.

Kipyenga
Ijumaa ukiipata, toa nakala tano.