Re: Karavani: tununue kwa nani, na sevisi tufanyie wapi?

> Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi na mume wangu tunataka kununua karavani iliyotumika, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Tumepata yadi yenye bei nzuri kuliko zote, ila iko mbali, saa nne kwa gari. Kuna aliyewahi kununua hapa Uingereza? Na hiyo sevisi ni lazima kweli? Naambiwa karavani hazina MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari kila mwaka.

Marahaba dada. Saa nne! Hapo ndipo nilipoungulia mimi, basi nianze na hapo.

Yangu nilinunua mpya, mbali, kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Siku ya kukabidhiwa tulipokelewa kama wakwe. Miezi mitano baadaye nikaegemea ukuta chini ya dirisha la mbele, kidole gumba kikadidimia, kama unabonyeza boksi lililonyeshewa. Kupiga simu naambiwa karakana imejaa, nilete baada ya wiki tisa. Nikaenda yadi ya jirani, nao wakanieleza kiungwana kwamba kazi za waranti wanaanza na walionunua kwao. Ikabidi niivute mpaka kule, nirudi bila kitu, niifuate tena, nirudi nayo. Safari nne za saa nne. Nafuu yote ya bei iliishia kwenye mafuta.

Kwa hiyo mtafute fundi kwanza, karavani baadaye. Kabla hamjamwona muuzaji, pigeni simu karakana yake kama wateja wa sevisi tu: nafasi ya karibu ni lini? Wakisema miezi mitatu, jueni foleni hiyo ndiyo mtakayopangwa na ninyi, hata yadi ing'ae vipi. Ulizeni pia kama wamo kwenye Approved Workshop Scheme. Ni mpango wa NCC, chama cha wafanyabiashara wa karavani, pamoja na vyama viwili vikubwa vya wenye karavani, na karakana zake hukaguliwa kila mwaka.

MOT ni kweli haitakiwi, na mimi hilo ndilo linalonitisha. Gari likiharibika breki, kuna siku mtu atakukatalia cheti. Karavani hakuna wa kukukatalia, utajua ukiwa kwenye mteremko. Sevisi ni kila mwaka, na kama bado ina waranti ya kuvuja, someni muda uliowekwa. Ukipitisha tarehe, madai yako ya maji yanaweza kutupwa. Kitabu cha sevisi kigongwe muhuri.

Tairi msizitazame meno. Karavani inalala miezi, tairi zinazeeka zimesimama huku meno yamejaa. Tafuteni ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri uliozoeleka ni kubadilisha zikifika miaka 5, na zisivuke 7.

Karatasi ya unyevu ndiyo ya kusoma polepole. Fundi hugusisha kipimo sehemu nyingi za kuta, na ripoti nzuri ina mchoro wa karavani wenye namba kila alipogusa. Chini ya asilimia 15 laleni. Kati ya 15 na 20, ipimwe tena baada ya muda. Ikizidi 20, muuzaji aeleze maji yanaingilia wapi, kwa maandishi. Akikwambia "zote ziko hivyo", chukua koti lako.

Kuhusu pesa: hata kishika uchumba lipeni kwa kadi ya mkopo. Kwa kitu cha bei kati ya pauni 100 na 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, hata kama kwa kadi ulilipa sehemu tu. Na chukueni namba ya fremu, ipo pia kwenye vioo, muiulize CRiS, rejista ya karavani, kama karavani iliibwa au ina deni la mtu.

> Asante sana kaka. Mume wangu amesoma la tairi, sasa anataka tuikague na tochi. Je, fundi wa kuja nyumbani anafaa? Tuna nafasi mbele ya nyumba.

Anafaa sana, dada. Ndiye ninayemtumia siku hizi. Mpango ule ule una mafundi wa kuzunguka, na uzuri wake ni kwamba unasimama pale pale ukiangalia. Muulize swali moja tu kabla hajaja: akifungua ngoma za breki, anakuja na nati mpya za ekseli? Ekseli nyingi za AL-KO, kampuni inayotengeneza ekseli za karavani, zina nati ya kufungwa mara moja, ikishafunguliwa hairudishwi. Anayerudisha ile ile, mshukuru aende zake.

Tena mkishainunua msiipaki kusubiri kiangazi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kudai pesa zako. Laleni ndani usiku wa mvua, washeni gesi, pampu, kila taa.

Na magurudumu yakitolewa kwa sevisi, mkishatembea kama kilomita 50 simameni mkaze nati zake upya, kwa spana ya kipimo. Mume wako aje na ile tochi.