Naomba ushauri: nyuzi za kioo kwa kidonda cha kisukari

Assalamu alaykum, ndugu zangu, na hasa mnaohudumia wagonjwa wa vidonda.

Ninamuuguza mama yangu hapa Wete, Pemba. Ana kisukari, na kidonda cha unyayo chenye upana wa sentimita 3 hivi ambacho, licha ya miezi 5 ya kusafishwa, kufungwa bendeji kila siku na kumaliza dozi 2 za dawa za kuua bakteria, hakijafunga. Sukari yake sasa imetulia, wala hakuna usaha, jambo linalonipa matumaini. Lakini nyama haijai.

Nimesoma kuhusu nyuzi za kioo cha borati (yaani kioo chenye madini ya boroni), laini kama pamba, zilizobuniwa Rolla, Missouri, nchini Marekani, ambazo hujazwa ndani ya kidonda na kuyeyuka kidogo kidogo zikiachia kalsiamu na boroni, na hivyo kusaidia mishipa midogo ya damu kuota. (Kioo cha mwanzo cha jamii hii, alichokibuni Larry Hench mwaka 1969, kilikuwa cha silika (madini ya mchanga) na kilikusudiwa mifupa, kwa hiyo naomba tusivichanganye.)

Daktari wake yuko tayari kunisikiliza, nami sitaki kumjaribishia mama kitu kwa kubahatisha. Je, mzunguko wa damu mguuni ni lazima upimwe kwanza kabla ya kufikiria nyuzi hizi? Na kwa aliyewahi kuzitumia, masalia yake huondolewa wakati wa kubadilisha bendeji, au huachwa yayeyuke yenyewe?