Mrejesho: yale mawazo ya kisu na mtoto

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini kila nikishika kisu linanijia wazo la kumdhuru mwanangu, na kama maana yake ni kwamba moyoni natamani hivyo. Asanteni, hasa dada aliyenisihi nisione haya kumwona mtaalamu.

Nilienda, hapa hapa Kisumu. Nilimweleza mwanasaikolojia yote huku nalia, nikingoja aite polisi. Hakuita. Aliniuliza tu: wazo hilo linakupendeza au linakutisha? Linanitisha hadi usingizi unakata, nikamjibu. Akasema wazo la aina hii hung'ang'ania kile unachokipenda kuliko vyote, na wala si nia. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva walionyesha kwamba hata watu wengi wenye akili timamu hupitiwa na mawazo kama hayo. Wao huyaacha yapite. Mimi nilipigana nayo, nikaficha visu juu ya kabati, nikamwachia mama mkwe kazi za jikoni. Kumbe kuficha ndiko kulikoyapa nguvu.

Tiba ni ngumu, siwafichi. Tulianza kwa kukaa tu na kisu mezani, bila kumuuliza mume wangu kwa mara ya ishirini kama mimi ni mtu mbaya. Hofu inapanda, inapanda, kisha inashuka yenyewe.

Jana jioni nilikata sukuma wiki, mtoto yuko mkekani karibu na miguu yangu, anagonga kifuniko cha sufuria. Wazo likaja. Nikaendelea kukata.